Mafuta Yakipanda, Hesabu Kilomita

Usiku wa kuamkia Jumatano ya kwanza ya mwezi, sheli iliyo karibu na kwangu Tabata hugeuka stendi ya mkesha wa Krismasi. Magari yamepangana mpaka barabarani, bodaboda zinapenya katikati, bajaji zinapigiana honi, na kila mtu ana habari aliyoitoa kwenye grupu la WhatsApp: kesho inapanda. Bei mpya za EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, huanza kutumika saa 6:01 usiku, basi saa nne mjini kote watu wanawahi.

Siku moja nami nilikuwamo. Nilikaa kwenye ile foleni dakika hamsini, nikaweka lita 30, nikarudi nyumbani najiona mjanja. Kesho yake nikashika kalamu. Bei ilikuwa imepanda shilingi 90, kwa hiyo lita 30 zimeniokolea shilingi 2,700. Lakini zile dakika hamsini injini ilikuwa inanguruma na AC imewashwa, maana joto la Dar mnalijua. Gari dogo likisimama hivyo hula kama nusu lita au zaidi kwa saa. Tuseme 1,500. Kwenda na kurudi ni kilomita nne, elfu moja nyingine hiyo. Nilichobakiwa nacho ni shilingi 200. Haifiki hata bei ya chapati, na usingizi nimeukosa.

Tangu hapo bei ya lita naisikiliza kama taarifa ya hali ya hewa: najua itanigusa, ila siwezi kuibadili. Namba ninayoifuatilia ni nyingine, nayo ni shilingi ngapi zinatoka mfukoni kwa kila kilomita. Hiyo ya pili ina mengi ndani yake ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyashika, awe na gari au asiwe nalo. Ila kwanza tuone kwa nini ile ya kwanza haishikiki.

Lita inapatikanaje

Tanzania haina kisima cha mafuta ghafi wala kiwanda cha kuyasafisha kinachofanya kazi. Petroli na dizeli zinakuja zikiwa tayari, kwa meli, chini ya utaratibu wa uagizaji wa pamoja unaosimamiwa na PBPA, wakala wa Serikali wa kazi hiyo, na zinashushwa bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Zinanunuliwa kwa dola. Hapo tayari una vitu viwili visivyomsikiliza mtu wa Tabata: bei ya soko la dunia na thamani ya shilingi. Mwaka 2023, dola zilipokuwa adimu nchini, watu walishangaa pipa la mafuta ghafi limetulia huko nje na sheli zinapandisha. Hakuna ajabu. Pipa likitulia na dola ikipanda, lita inapanda vilevile.

Kitu cha tatu ni muda, na hiki ndicho kinacholeta ugomvi mwingi kwenye pampu. Bei kikomo ya mwezi huu haitokani na pipa la leo. Inatokana na mafuta yaliyokwisha kushushwa bandarini, ambayo nayo bei yake ilikatwa wiki nyingi nyuma. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, pipa liligusa karibu dola 140. Sisi tuliumia kwa kuchelewa: Agosti mwaka huohuo lita ya petroli Dar es Salaam ikavuka shilingi 3,400, wakati huo Serikali imeshaanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi tangu Juni. Kwa hiyo ukisikia kwenye taarifa ya habari kwamba pipa limeshuka, usiende kumgombeza kijana wa pampu kesho asubuhi. Jipe mwezi mmoja, miwili. Na kinyume chake ni kweli: pipa likiruka leo, umeshapewa taarifa mapema, una wiki kadhaa za kujipanga.

Cha nne ni kodi na tozo. Hapa watu wengi huamini kwamba mafuta yakipanda na Serikali inavuna zaidi kwa kila lita. Kwa Tanzania Bara sivyo. Petroli na dizeli hazitozwi VAT. Kuna ushuru wa bidhaa, tozo ya barabara, tozo ya petroli na vitozo vingine vidogo vya taasisi, na vile vikubwa vimewekwa kwa shilingi kamili kwa kila lita, siyo kwa asilimia. Kwa petroli, vikubwa hivyo jumla yake inakaribia shilingi elfu moja. Mwaka wa fedha 2021/22 iliongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, 2023/24 ikaongezwa 100 nyingine kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Maana yake ni kwamba sehemu hiyo haipandi na pipa, lakini haishuki nalo pia. Katikati ya 2020, dunia ilipojifungia kwa korona na mafuta yakakosa mnunuzi, petroli ya Dar ilishuka mpaka kama shilingi 1,500 ikagomea hapo. Kwa jirani zetu Kenya hesabu ni tofauti kidogo: wao wana VAT juu ya mafuta, na Julai 2023 ilitoka asilimia 8 ikawa 16. Pipa likipanda, kodi nayo inapanda. Septemba mwaka huo lita ya petroli Nairobi ikafika shilingi 211.64 za kule.

Halafu kuna umbali. Bei kikomo ya Dar es Salaam si ya Kigoma wala ya Kyerwa, kwa sababu lori linalopeleka mafuta nalo linakunywa mafuta. Kila wilaya ina bei yake, na ya kwako unaweza kuiona kwenye simu yoyote, hata ya tochi, kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo.

Neno la kushika ni hilo kikomo. EWURA haisemi uza kwa bei hii, inasema usivuke hapa. Sheli inaruhusiwa kushusha, na zipo zinazoshusha shilingi kumi, ishirini, hamsini. Lakini usiwe kama mimi wa ile Jumanne. Kuvuka mji kilomita tano kufuata punguzo la shilingi 20 kwa lita 30 ni kutumia 2,500 ili uokoe 600. Sheli ya bei nafuu inafaa ikiwa njiani.

Ukiwa pale, mambo ni machache na huwa tunayasahau kwa sababu tuko kwenye simu. Hakikisha pampu imeanza sifuri. Tazama stika ya Wakala wa Vipimo. Chukua risiti ya mashine inayoonyesha kituo, tarehe, aina ya mafuta na bei ya lita, kwani ukipata petroli yenye maji na gari likakuzimikia njiani, bila hiyo karatasi malalamiko yako ni hadithi tu. Sisemi kwa kubahatisha. Niliwahi kuwekewa kitu kisichoeleweka kwenye sheli moja ya njiani, gari likaanza kukohoa kabla sijamaliza kilomita kumi, na risiti nilikuwa nimeikataa mwenyewe kwa kujifanya nina haraka.

Daftari la kwenye droo ya gari

Sasa turudi kwenye kilomita. Katika mahesabu yote yanayofuata nitatumia shilingi 3,000 kwa lita ili tusisumbuane na desimali. Wewe weka bei ya kwako.

Namna ya kujua gari lako linakula kiasi gani ni moja tu ya kuaminika: jaza fulu tanki mpaka pampu ikate yenyewe, andika kilomita, endesha kama kawaida, kisha jaza tena fulu na uandike lita ulizoweka. Mtu anayesema weka ya elfu kumi kila siku hatajua kamwe. Mara ya kwanza gari langu dogo, Toyota IST, lilitembea kilomita 412 kwa lita 34.3, yaani kilomita 12 kwa lita. Ni shilingi 250 kwa kilomita. Safari yangu ya kazini kwenda na kurudi ni kilomita 30: shilingi 7,500 kwa siku, na bado sijaweka oili, tairi wala fundi.

Miezi mitatu baadaye daftari lilikuwa linasoma kilomita 13.6 kwa lita. Kilomita ikashuka kutoka 250 hadi kama 220. Kwangu mimi ni kama lita imeshuka kutoka 3,000 hadi 2,650 bila EWURA kutangaza chochote. Nilifanya nini? Ningependa kusema ni ufundi mkubwa, lakini sehemu kubwa ni kwamba nilianza kutoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri badala ya saa moja kasoro. Foleni ya Barabara ya Mandela ndiyo iliyokuwa inakunywa mafuta yangu. Gari linaloanza na kusimama mara mia mbili hununua mwendo kwa petroli kisha linautupa kwenye breki. Ofisini nafika mapema, nanywa chai yangu, nasoma. Anayeweza kuongea na bosi wake kuhusu saa za kuingia na aongee, kwani hiyo ina faida kuliko dawa yoyote inayouzwa kwenye kichupa.

Upepo wa tairi ulichangia kidogo, asilimia mbili au tatu, lakini ni kidogo cha bure. Magari yetu mengi ya Japani yana stika kwenye nguzo ya mlango wa dereva, imejaa maandishi ya Kijapani. Usihangaike na maandishi, tafuta namba. Ukiona 2.2 au 220, hiyo ni kama 31 au 32 kwenye kipimo cha kijana wa upepo. Mimi nilikuwa natembea na 24 bila kujua, kwa sababu kila nikifika kwa mtu wa pancha anagonga tairi kwa kiatu anasema, “Iko poa hii, mzee.”

Kwa wanaosafiri mikoani, adui ni mwendo. Upinzani wa hewa unakua kwa mraba: ukitoka 80 kwenda 110 unakaribia kuwa maradufu, na yote hayo yanalipwa na petroli. Kuna pia hii tabia ya kuweka nyutro kwenye mteremko, ambayo madereva wengi tuliirithi kutoka enzi za kabureta. Gari la siku hizi lenye injekta, ukiachia mguu wa mafuta huku gia imeingia, lenyewe hukata petroli kabisa, tairi ndizo zinazozungusha injini. Ukiweka nyutro unalilazimisha liendelee kunywa ili lisizime. Yaani unatumia mafuta zaidi, na pale Kitonga unaziachia breki peke yake kazi ya kulishika gari zima. Waliofia kwenye miteremko ile hawakuwa wameokoa hata nusu lita.

Imani nyingine nazipita haraka. Kujaza alfajiri ili mafuta yaliyopoa yawe mengi: tangi la sheli liko chini ya ardhi, joto lake halibadiliki kwa saa. Sumaku za kufunga kwenye mrija wa mafuta: uza, usinunue.

Kubebana na majirani ndiyo hatua kubwa kuliko zote, ila wengi tunaikwepa kwa kuwa inataka kuongea na watu. Zile kilomita 30 zangu kwa 220 ni shilingi 6,600. Tukiwa watatu ndani ya gari, kila mmoja 2,200, kiasi kinachoanza kukaribia nauli ya daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Tulipoanza na majirani wawili tuliwekeana masharti kabisa: anayechelewa dakika tano anaachwa, na hela ya mafuta inatoka Ijumaa, siyo “nitakutumia”.

Safari ndefu nazo zina hesabu yake. Dar hadi Dodoma ni kama kilomita 450. Barabara kuu IST inaweza kwenda kilomita 15 kwa lita, hivyo lita 30, shilingi 90,000. Treni ya umeme ya SGR ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024 nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 31,000. Ukiwa peke yako au wawili, treni haina mshindani. Mkiwa wanne, gari linaanza kupata maana. Hakuna jibu moja la kila mtu, ndiyo maana nasisitiza daftari.

Gesi mbili tofauti

Kila mafuta yakipanda, mtu atakuambia funga gesi. Kabla ya kujibu, tutenganishe vitu viwili ambavyo kwa Kiswahili tunaviita jina moja. Gesi ya mtungi wa jikoni ni LPG, inakuja kwa meli na inafuata bei za dunia kama petroli tu. Gesi ya kwenye magari ni gesi asilia iliyoshindiliwa, CNG, nayo inatoka kwetu, Songo Songo kule Kilwa na Mnazi Bay kule Mtwara. Haipandi pipa likipanda. Imekuwa ikiuzwa shilingi 1,550 kwa kilo, na kilo moja ina nguvu kuliko lita moja ya petroli. Gari la kilomita 12 kwa lita linaweza kwenda kama 16 kwa kilo. Shilingi 97 kwa kilomita dhidi ya 250. Unaokoa kama 150.

Inavutia. Sasa weka gharama ya kufunga mfumo, ambayo hutegemea ukubwa wa mtungi. Tuseme milioni mbili. Gawa kwa 150: unahitaji kilomita zaidi ya 13,000 ili hela yako irudi. Dereva wa taksi ya mtandaoni anayetembea kilomita 130 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anazimaliza kwa miezi minne. Mimi wa kilomita 30 kwa siku nahitaji mwaka na nusu, na buti yangu imeshakaliwa na mtungi. Kuna pia swali la vituo. Vingi viko Dar, na foleni zake zimekuwa maarufu kiasi kwamba dereva anaweza kupoteza pale saa ambazo angebeba abiria wawili. Rafiki yangu mwenye bajaji ya gesi hujaza usiku wa manane, analala kidogo kwenye kiti cha nyuma akisubiri zamu. Anasema hajutii. Mimi kwa upande wangu sijafunga bado. Ningekuwa dereva wa kazi, ningekuwa nimeshafunga zamani.

Mafuta usiyoyaona

Mpaka hapa nimeongea kana kwamba kila mtu ana gari. Wengi hawana, na bado wanalipa mafuta kila siku: kwenye nauli, kwenye mchele, kwenye gunia la mkaa, kwenye mashine ya kusaga. Huku ndiko tunakopigwa zaidi, maana hakuna pampu inayoonyesha namba.

Chukua kilo ya mchele wa Mbeya. Mafuta yakipanda, muuzaji anaongeza shilingi mia mbili na kukuambia, “Si unaona mafuta, mama?” Haya, tuone. Mbeya hadi Dar ni kama kilomita 830. Lori kubwa lenye mzigo linakula kama nusu lita kwa kilomita, hivyo lita 415 kuja, na kurudi tupu kama 290. Tuseme lita 700. Dizeli ikipanda shilingi 300, safari nzima imeongezeka shilingi 210,000. Lori limebeba tani 28, yaani kilo 28,000. Gawanya: shilingi saba na nusu kwa kilo. Weka na kenta lililotoa mpunga shambani, weka dizeli ya mashine ya kukoboa, weka guta la kutoka sokoni hadi dukani. Zidisha mara tatu kama unataka kuwa mkarimu. Bado uko kwenye shilingi ishirini na kitu.

Sisemi muuzaji ni mwizi. Mchele hupanda kwa sababu ya msimu, kwa sababu wanunuzi wa nchi jirani wamefika na maroli, kwa sababu ghala limebaki na mzigo kidogo. Ninachosema ni kwamba mafuta yamekuwa kisingizio kinachokubalika bila maswali. Kwa nafaka, kunde na vitu vizito vinavyokwenda kwa lori kubwa, sehemu ya mafuta kwenye kilo ni ndogo. Ukiambiwa mafuta, uliza duka la pili.

Viko vitu ambavyo kweli vimebeba mafuta mengi. Samaki wa boti ya mashine ni mfano: mvuvi anachoma petroli usiku kucha na anaweza kurudi na ndoo mbili. Mboga za kumwagilia kwa pampu ya mafuta wakati wa kiangazi nazo ni hivyohivyo. Unga wa kijiji kisicho na umeme, unaosagwa kwa mashine ya dizeli, unabeba mafuta ya kuja na ya kusaga. Hapo mwenye biashara akisema ameumia, ameumia kweli, na kinachofaa kwako ni kubadili unachonunua kwa muda: dagaa badala ya changu, kunde za ghalani badala ya mchicha wa kiangazi.

Jikoni kuna nafasi ambayo watu wa mjini wenye umeme tumeichelewesha kwa woga. Mkaa unakuja kwa lori, LPG inakuja kwa meli, lakini umeme wetu sasa kwa sehemu kubwa unatoka kwenye maji na gesi asilia. Hautetemeki kila Jumatano ya kwanza. Kilo ya maharage kwenye jiko la presha la umeme haimalizi uniti moja. Mke wangu alikataa kuamini mpaka tuliposimama mbele ya mita, tumezima kila kitu ndani, tunaangalia namba kama watu wanaosubiri matokeo ya mpira. Kwa mkaa yaleyale maharage yanataka mchana mzima. Ila wenye mita inayokatika kila jioni, endeleeni kuwa na mtungi pembeni.

Mafuta ya taa, kama bado unayatumia kwa mwanga, ndiyo ya kuyaacha kwanza. Tangu 2011 ushuru wake uliinuliwa ili wachakachuaji wasipate faida ya kuyachanganya na dizeli, na mwenye koroboi ndiye aliyebaki kulipa adhabu ya wachakachuaji. Taa ndogo ya sola inarudisha hela yake haraka.

Nauli ni habari nyingine. Ya daladala haipangwi na konda wala na mshale wa mafuta, inapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kwa safari isiyozidi kilomita kumi ilitoka 400 ikawa 500 Mei 2022, kisha 600 Desemba 2023. Mpaka tangazo jipya litoke, konda anayedai zaidi hana haki hiyo, hata kama lita imefika wapi. Na kabla ya kupandisha, LATRA huita mikutano ya wadau kukusanya maoni. Nimewahi kuhudhuria mmoja. Wenye mabasi walikuja na mafaili: lita kwa kilomita, tairi, spea, mkopo wa benki, kila kitu kimepigwa mhuri. Upande wa abiria tulikuja na kilio. Mzee mmoja alisimama akasema maisha ni magumu, tukapiga makofi, akakaa. Hakuna aliyeuliza mafuta ni sehemu gani ya gharama ya basi, wala kama nauli itashuka siku mafuta yakishuka.

Bodaboda ndiko ambako hamna LATRA ya kukusaidia, ni wewe na yeye. Kutoka kituoni hadi kwangu ni kilomita tatu, na bei yetu ya siku zote ni 1,500. Wiki lita ilipopanda shilingi 300, kijana akaniambia, “Kaka, sasa hivi elfu mbili. Wese limepanda.”

Nikamwambia tuhesabu. Pikipiki yako inaenda kilomita arobaini kwa lita? Akakubali. Kunipeleka na kurudi kijiweni ni kilomita sita. Ongezeko la mafuta kwa safari hii ni shilingi 45. Wewe unataka 500.

Akacheka. “Umehesabu safari yako tu, kaka. Ile ya kuzunguka mtupu tangu asubuhi nani analipa?”

Alikuwa na hoja, nikamuomba anitajie siku nzima. Lita nne kwa siku, abiria kumi na wawili siku ikiwa nzuri. Lita nne mara 300 ni 1,200. Gawa kwa kumi na wawili: mia kwa kila kichwa. Tukakubaliana 1,600, na ile mia ya juu nikaitafuta kwenye mifuko yote minne kabla ya kuipata. Tulipofika getini alikuwa bado anaipiga ile hesabu kichwani, kisha akaniambia pikipiki si yake, iko kwenye mkataba, na hesabu ya bosi ni elfu kumi kila siku, mafuta yapande yashuke.

“Hiyo ya kugawa gawa ni nzuri sana,” akasema, akageuza pikipiki. “Sasa nipe namba yako, ukamfundishe bosi wangu.”